Kura yangu wanaitaka, mimi hawanitaki

Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wao ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kukanyaga ofisi zao. Msajili wa Vyama vya Kisiasa alikuwa ameweka huduma kwenye eCitizen: unaingia, unabofya, unaonyeshwa chama chako. Katika kibanda changu cha kinyozi huku Eastlands, Nairobi, kazi ilisimama. Simu zilipita mkono hadi mkono, huyu anatukana, yule anacheka mpaka machozi. Mzee mmoja aliyekula mabomu ya machozi ya upinzani miaka nenda miaka rudi alijikuta mwanachama wa chama tawala. Nilipotazama ya kwangu, nikakuta nimesajiliwa katika chama kikubwa ambacho vigogo wake nimewasikia kwa masikio yangu wakisema watu kama mimi hatuna nafasi katika nchi hii.

Mimi ni shoga. Wateja wangu wengi hawajui, wachache wanahisi na kunyamaza, na wawili watatu wanajua kabisa lakini wanaendelea kuja kwa kuwa nanyoa vizuri. Sijawahi kukosa kupiga kura tangu nipate kitambulisho. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na vijana wa komyuniti wameanza kuniuliza swali lile lile la kila baada ya miaka mitano: tumpigie nani? Sina jina la kuwapa. Nina niliyoyaona tu, na kinyozi huona mengi, maana mtu akishafungwa kitambaa shingoni husema siasa yake yote.

Nianze na kura ya maoni ya 4 Agosti 2010. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu ilikuwa Hapana. Kanisani kwetu tuliambiwa katiba mpya italeta utoaji mimba, Mahakama za Kadhi na ndoa za mashoga. Hilo la tatu lilinichekesha, kwa sababu rasimu nilikuwa nayo, nakala zilikuwa zinagawiwa bure, na kifungu cha 45 kilisema bila kupepesa macho kwamba mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti na yake. Ndoa ilikuwa imeshafungiwa nje. Mimi sikuwa natafuta ndoa. Nilikuwa natafuta mahali pa kusimama siku askari akinikamata kwa sababu ya mwendo wangu, na nikapaona: kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa msingi wowote ule kisha kinataja mifano, cha 28 kinalinda utu wa kila mtu, cha 36 kinampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake. Nikapiga kijani, nikatoka na wino kidoleni nikijiona raia.

Mwaka haukuisha. Novemba hiyo hiyo Raila Odinga, waziri mkuu wakati ule na mmoja wa vinara wa Ndiyo, aliuambia mkutano wa Kibera kwamba mashoga wakamatwe. Baadaye akajaribu kuilegeza kauli, lakini sisi tulioishi mitaani tulijua kauli ya kwanza ndiyo inayobaki kwenye masikio ya watu. Nilikuwa nampenda. Nyumbani kwetu picha yake ilikuwa ukutani karibu na ya Yesu wa Moyo Mtakatifu, na sikumwambia mama kwa nini Jumapili ile sikula.

Upande wa pili nao haukuwa na nafuu. Mwaka 2014 Aden Duale, kiongozi wa walio wengi bungeni, alisema ushoga ni tatizo zito sawa na ugaidi, na hapo shambulio la kigaidi la jengo la Westgate, Nairobi, lilikuwa halijatimiza hata mwaka. Mwaka uliofuata William Ruto, naibu wa rais, alisema kanisani kwamba Kenya haina nafasi ya mashoga. Mrengo huu, mrengo ule, kwenye hili walikuwa sauti moja.

Siku nisiyoisahau ni 25 Julai 2015. Obama alikuwa Ikulu, na kibanda kilikuwa kimejaa watu ambao hata kunyoa hawakuwa wanataka, wamekuja kwa ajili ya televisheni. Kwenye kiti alikuwa mzee mmoja wa makamo, nami nilikuwa na wembe nyuma ya shingo yake, nanyoosha laini. Obama akasema yake kuhusu kutowabagua watu. Rais Kenyatta akajibu kwamba yapo mambo ambayo hatukubaliani, na kwamba kwa Wakenya hilo si suala. Kibanda kikalipuka. Mzee akarusha ngumi juu akitaka kusimama, nikamshika bega: "Mzee, tulia nisikukate." Akanijibu kwa furaha, "Umesikia, kijana wangu? Umemsikia rais?" Nikamwambia nimemsikia. Wafuasi wa Jubilee ya rais na wa Cord ya upinzani waliokuwa wametukanana tangu asubuhi walikuwa wanagongeana mikono.

Hapo nikaelewa kazi tunayoifanya katika siasa za Kenya bila kulipwa. Nchi iliyogawanyika kwa kabila inahitaji kitu cha kukubaliana, na sisi ni rahisi: hatuna mkoa, hatuna wazee wa kututetea, na mwanasiasa akitutukana hakuna kura anayopoteza.

Lakini nisiwasingizie wanasiasa peke yao. Mwaka 2017 tulikuwa na kundi letu, watu wa umri mmoja, tunakutana Jumapili kwenye nyumba ya mmoja wetu kule Umoja. Tulikuwa tumechangiana dhamana za polisi, bili za hospitali na nauli ya kurudi nyumbani baada ya kufukuzwa na wazazi. Ungedhani watu waliopitia hayo wangepiga kura wakitazama hayo. Wapi! Mluo alikuwa Nasa ya upinzani, Mkikuyu alikuwa Jubilee, Mkalenjin Jubilee, Mkamba Nasa. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, mwenye nyumba alilia kwa hasira huku wengine wakicheza sebuleni kwake. Kufikia marudio ya 26 Oktoba kundi la WhatsApp lilikuwa limekufa. Wapo ambao hawasemezani mpaka leo, na ni watu waliowahi kulala kitanda kimoja wakiuguzana.

Kwa hiyo nikisikia mtu, hasa wafadhili na waandishi wa nje, akizungumzia "kura ya mashoga" Kenya, huwa natabasamu. Hiyo kura haipo. Ipo kura ya Mluo ambaye ni shoga, ya Mkikuyu ambaye ni msagaji, ya Mswahili wa Kisauni ambaye ana mke na watoto watatu na siri. Alitangulia mtu kujaribu: David Kuria alitangaza wazi kwamba atawania useneta wa Kiambu mwaka 2013 akiwa shoga anayejulikana. Hakufika debeni. Nilimheshimu sana, na nikajiuliza ni wangapi kati yetu wangempigia kama angekuwa wa kabila jingine.

Isitoshe, hatuhesabiki. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu wenye jinsia mbili kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524, na tangu hapo angalau kuna namba ambayo afisa wa serikali anaweza kuiandika kwenye bajeti. Wengine sisi hatuna namba, na hatuwezi kuitaka, kwa sababu kujihesabu ni kujitaja, na kujitaja ni kujipeleka mbele ya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha ngono yetu: miaka 14 jela. Mwanasiasa anapanga mkutano kwa kuhesabu vichwa. Kichwa kisichohesabika hakialikwi.

Nilijifunza siasa ya vyama kwa karibu mwaka 2022. Katika wadi yetu kulikuwa na mama mmoja aliyetaka uwakilishi wa wadi. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, mtu wa maneno machache. Sikumfuata kwa sababu ya tiketi yake. Miaka michache kabla, vijana wa ploti fulani walitaka kuwatoa kwa nguvu vijana wawili waliokuwa wakiishi chumba kimoja, godoro likawa limeshatupwa nje. Mama yule alipita akitoka sokoni, akaweka kikapu chini, akauliza, "Wamemwibia nani?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Kisha akaliinua godoro upande mmoja, akamtazama kijana aliyekuwa mbele ya wenzake mpaka akashika upande wa pili. Hakutoa hotuba ya haki za binadamu. Sidhani hata kama anakubaliana na ushoga, na sikuwahi kumwuliza.

Kwa hiyo aliponiomba nimsaidie kupanga orodha za wapiga kura wake na kutafuta maajenti, nilikubali. Mchujo wa chama ulikuwa wa vurugu kama kawaida, masanduku yalichelewa mpaka jioni, lakini alipita. Hapo mpinzani wake akatafuta silaha na kunipata mimi. Kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa kukaanza kuzunguka kwamba kampeni ya mama inafadhiliwa na mashoga, pesa zinatoka Ulaya. Pesa zenyewe, ukweli wa Mungu, tulikuwa tunachanga mia mia ya kuchapisha vikaratasi.

Akaniita nyumbani kwake usiku. Alinipa chai kwanza, na chapati. "Kijana wangu," akasema, "mimi na wewe hatuna shida. Lakini hawa watu watanimaliza na jina lako. Mikutanoni usionekane. Fulana usivae. Hizi kazi za karatasi tuendelee nazo hapa usiku."

"Na ukishinda, mama?"

"Nikishinda utakuja ofisini mchana kama watu wengine."

Marafiki waliponisikia walinilaani. Mmoja aliniambia ninajidhalilisha, kwamba mtu anayekuficha hastahili jasho lako. Namwelewa, na kwa mgombea urais ningesema hivyo hivyo. Lakini kwenye wadi mizani yangu ni tofauti. Mwakilishi wa wadi hatungi sheria ya adhabu. Anachofanya ni kumpigia simu chifu, kumpigia mkuu wa kituo, kukaa kwenye kamati inayopitisha bajeti ya zahanati za kaunti. Nilikuwa nimeshaona angefanya nini na simu ile. Nikaendelea na kazi za usiku, na fulana nikampa ndugu yangu.

Tarehe 9 Agosti nilikuwa ajenti wake katika shule moja ya msingi. Maajenti hukaa ndani, kwa hiyo hilo halikumsumbua. Foleni ilianza gizani. Asubuhi mapema aliingia rafiki yangu ambaye alizaliwa akaitwa mvulana na sasa anaishi kama mwanamke. Alikuwa amevaa leso kichwani, dera, na sweta kubwa. Alitoa kitambulisho chenye jina la kiume na picha ya kijana aliyenyolewa kipara. Sheria inataka karani asome jina kwa sauti ili maajenti wote wasikie, na karani akalisoma. Darasa zima likageuka. Ajenti mmoja, kijana wa chama nisichokitaja, akasimama: "Napinga. Huyu si mwenye kitambulisho."

Mimi niliuma meno. Nikisema neno, nimemchoma yeye na nimemchoma mama yangu mgombea. Afisa msimamizi wa kituo, mwanamke aliyeonekana hajalala tangu juzi, alikuja akachukua kile kitambulisho, akakitazama, akamtazama rafiki yangu, akasema, "Weka kidole." Akaweka. Kile kifaa cha Kiems cha kutambua wapiga kura kikafikiri kidogo, kisha kikaleta jina na picha ile ile ya kipara. "Mashine imemkubali," afisa akamwambia ajenti. "Una jambo jingine?" Hakuwa nalo. Rafiki yangu akapewa karatasi zake sita kama mtu yeyote, akaenda kwenye kibanda cha kadibodi, akachukua muda wake wote. Nilimwona akikagua ile ya wadi mara mbili kabla ya kuikunja.

Watu wanaojiuliza kama ipo faida ya taratibu ngumu za kura, mimi huwasimulia habari ile. Ukarimu wa watu ndani ya darasa lile ungekuwa kipimo, asingepiga kura.

Tulihesabu usiku kucha kwa taa za simu na balbu moja. Mama alishindwa, si kwa kura nyingi. Nilitia saini fomu ya 36A ya matokeo ya wadi, nikaipiga picha ikiwa imebandikwa mlangoni, nikamtumia. Akajibu: "Asante kijana wangu. Pumzika." Urais nao uliamuliwa kwa tofauti ya kura 233,211 kati ya zaidi ya milioni 14, na tukiwa bado tunabishana mtaani kuhusu hizo, miezi ikapita, tukaingia 2023, mwaka ambao vyama vyote vilitukumbuka kwa mpigo.

Ulianza na msiba. Januari mwili wa Edwin Chiloba, kijana mwanamitindo aliyekuwa mwanaharakati wetu, ulipatikana ndani ya sanduku la chuma karibu na Eldoret. Kibandani wateja walisema mawili. Kuna waliosema hata kama ni shoga, mtu hauawi hivyo. Kuna waliosema "hata kama" na kuishia hapo hapo. Nilinyoa nikiwasikiliza. Kutoka kwa viongozi wa vyama nilisubiri neno la pole, la kijumla tu, na sikulisikia.

Kisha 24 Februari, Mahakama ya Juu ikaamua kesi ambayo ilikuwa mahakamani tangu 2013. Shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lilikuwa limenyimwa usajili kwa sababu ya jina lake. Majaji watatu, Mwilu, Wanjala na Njoki Ndung'u, walisema kuwanyima watu haki ya kujiunga pamoja kwa sababu tu ya mwelekeo wao wa kimapenzi ni ubaguzi. Wawili, Ibrahim na Ouko, walipinga. Uamuzi haukugusa kifungu cha 162, haukugusa ndoa. Ulisema tu kwamba na sisi tunaweza kusajili shirika. Kilikuwa ni kile kifungu cha 36 nilichokisoma kwenye rasimu ya bure mwaka 2010.

Ungesikia kelele zake ungedhani tumeruhusiwa kuoana kwenye Uwanja wa Kasarani. Rais Ruto alisema anaiheshimu mahakama lakini mila na dini zetu haziruhusu. Naibu wake wakati ule, Gachagua, akasema ni mambo ya shetani. Raila naye akaikosoa mahakama. George Kaluma, mbunge wa Homa Bay Town kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila, akaandaa mswada wa kulinda familia wenye adhabu kali na akarudi mahakamani kuomba uamuzi upitiwe upya, akashindwa Septemba. Mohamed Ali, mbunge wa Nyali wa UDA, chama cha Ruto, akapeleka bungeni hoja ya kupiga marufuku habari zetu. ODM na UDA! Vyama ambavyo mwaka huo huo vilikuwa vikirushiana mawe barabarani kwa sababu ya bei ya unga.

Somo nililochukua hapo linahusu kura ya urais. Sitegemei mgombea yeyote mkubwa atanitaja kwa wema, na nimeacha kusubiri. Lakini haki ndogo tulizonazo zimetoka mahakamani: usajili huu wa 2023, na ule uamuzi wa Mahakama ya Rufaa Mombasa mwaka 2018 kwamba polisi hawawezi kuwapima watu sehemu za siri kwa nguvu kutafuta ushahidi wa ushoga. Tulishindwa pia. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta kifungu cha 162 na cha 165, na sababu moja waliyoishika majaji ilikuwa kifungu kile kile cha 45 cha ndoa. Hata hivyo tulishindwa mbele ya majaji waliotusikiliza kwa heshima, jambo ambalo bungeni halijatokea. Kwa hiyo swali langu kwa anayetaka Ikulu limekuwa moja: anawatendeaje majaji? Uhuru Kenyatta alikalia majina ya majaji waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama tangu 2019, akaapisha wengi wao 2021 na kuwaacha sita nje. Watu wengi waliona ni ugomvi wa mawakili. Mimi niliona ni mkono juu ya mlango pekee tulionao, na mgombea anayetukana mahakama jukwaani simpi kura yangu hata awe ametoka ukoo wangu.

Wanaosema bora upinzani uingie ndipo tutapumua, nawaomba watazame Uganda. Vijana kadhaa waliokimbia huko wamekalia kiti changu. Sheria ile aliyoitia saini Museveni Mei 2023, yenye hukumu ya kifo ndani yake, iliungwa mkono bungeni na pande zote. Mbunge aliyesimama wazi wazi kuipinga, Fox Odoi-Oywelowo, alikuwa wa NRM, chama tawala. Jina la chama halikukuambia kitu.

Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha wakisema hawana chama, hawana kabila, hawana kiongozi. Nilifunga kibanda tarehe 25 nikaenda mjini. Niliwaona watoto wa komyuniti kwenye umati ule, wengine wenye rangi kucha na hereni, wanamwagiwa maji ya muwasho na polisi huku wenzao wakiwashika mikono. Sikusikia mtu akiulizwa analala na nani. Jioni ile ile mtandaoni wakaanza kuambiwa wasichafue harakati. Sijui tulitarajia nini, lakini mchana ule ulikuwepo, niliuona.

Kilichonirudisha kwenye siasa ya wadi ni pesa. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada, na kituo ambacho tulikuwa tunachukua dawa za virusi vya Ukimwi na za kinga bila kuulizwa maswali kikafunga. Nesi aliyenijua kwa miaka alituma ujumbe kwamba wameambiwa warudi nyumbani. Tukaelekezwa zahanati ya kaunti. Ukifika pale dirisha la dawa liko kwenye korido ambayo mtaa wote unapita, na mhudumu anaita ugonjwa kwa sauti pamoja na jina. Marafiki zangu watatu waliacha kwenda. Sasa hili si jambo la Ruto wala la upinzani. Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na bajeti ya kaunti lazima ipitie vikao vya maoni ya umma, vikao ambavyo kwenye wadi yetu huwa na wazee kumi, wasichana wawili wa kamati na soda.

Nilikwenda. Sikusema mimi ni nani. Nilisema dirisha la dawa lihamishwe ndani na kliniki ifunguliwe jioni mara moja kwa wiki, kwa sababu watu wa boda boda, vinyozi na mama mboga hawawezi kuacha kazi asubuhi, na hakuna mtu anayetaka jirani asikie ugonjwa wake. Yote ni kweli. Mama mmoja mwenye kisukari aliunga mkono kwa nguvu kuliko mimi. Iliandikwa kwenye kumbukumbu. Dirisha limehamishwa. Kliniki ya jioni bado, wanasema hakuna wafanyakazi.

Wapo wenzangu wanaoniona mwoga, kwamba haki haiombwi kwa kujificha nyuma ya mgonjwa wa kisukari. Inawezekana. Wao wana ujasiri wa kwenda kortini na majina yao, nami nawachangia ninapoweza. Lakini mtu anayekunywa dawa leo anaihitaji leo.

Wiki iliyopita alikuja mmoja wa wanaotaka wadi 2027, kijana mtanashati, ameshaanza kuitwa mheshimiwa na wapambe wake kabla ya hata mchujo. Alitaka kunyolewa na kusikika. Nilipomfunga kitambaa nikamwuliza kliniki ya jioni ataipatia wafanyakazi kutoka fungu gani. Akacheka, akasema hilo ni swali zuri. Nikamwuliza vijana wakikamatwa usiku bila kosa na kutakiwa kitu kidogo, yeye atampigia nani simu. Akasema polisi ni wa serikali kuu. Nikamwambia najua, nimeuliza simu. Akanyamaza mpaka nikamaliza upande wa kushoto.

"Wewe kituo chako cha kura ni kipi?" akauliza. Nikamtajia. Akamwita mpambe wake aandike namba yangu.